Kusafisha Uwanja Baada ya Shughuli Siku ya Upepo: Mwongozo Kamili kwa Kamati za Kigoma

Tangu kiangazi kianze, jumbe ninazopokea zinasema jambo moja kwa maneno tofauti. Shughuli imeisha salama, vijana wamepewa fagio, wamefagia hadi magharibi, na kesho yake asubuhi uwanja uko vilevile. "Dada, tumefagia mara tatu. Mara tatu!" aliniambia mwenyekiti wa kamati moja kule Gungu, kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia.

Hao vijana si wavivu. Wamesafisha uwanja wa upepo kama mtu anavyofagia ua wa nyumbani: wameanzia penye takataka nyingi, wakakusanya rundo, wakaenda kutafuta kiroba. Waliporudi, rundo halikuwepo. Siku ya upepo mpangilio wa kazi una uzito kuliko idadi ya watu, na mpangilio wenyewe ndio huu. Nimeutumia Mwanga, Ujiji na kwenye viwanja vya karibu na ufukwe, kwa mikutano, harusi na mahafali.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Hesabu hii ni ya eneo linalokaribia uwanja wa mpira na watu kama 500. Shughuli ikiwa ndogo, punguza. Wavu usiupunguze.

- Wavu chakavu wa dagaa, urefu wa mita 60 au zaidi, kimo mita moja na nusu.
- Vigingi 31 vya mti au nondo, kila kimoja mita moja na nusu.
- Viroba 40, na ringi chakavu za baiskeli ya mtoto zinazoenea mdomoni mwa kiroba.
- Mawe ya ukubwa wa ngumi mbili, kama 120 hivi.
- Madumu 10 ya lita 20, yajazwe maji. Kila moja likijaa lina kilo 20, kwa hiyo ni nanga na ni maji ya kunyunyizia.
- Kamba ya manila, mita 100, na kisu.
- Fito sita zenye msumari nchani.
- Fagio za chelewa za mchikichi, reki nne, makoleo mawili.
- Glovu, barakoa na viatu vya kufunika vidole kwa kila mtu.
- Guta au kirikuu ya kubebea, na kipande cha wavu cha kufunika mzigo.
- Watu 12 na kiongozi mmoja mwenye filimbi. Upepo unameza sauti. Ukiita kutoka jukwaani, mtu aliye mita 40 anaona midomo tu.

Wavu unapatikana kwa wavuvi wa Kibirizi na Katonga. Nenda siku za mbalamwezi. Taa za dagaa hazina kazi mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo wavuvi wengi wako nchi kavu wanashona nyavu, na zile zilizochoka zimekunjwa pembeni. Salimia vizuri, eleza shida yako, na uahidi kurudisha. Mimi sijawahi kunyimwa.

Chandarua kisichukue nafasi ya wavu huo. Matundu yake ni madogo mno, hushika upepo kama tanga na kung'oa vigingi. Tena chandarua chenye dawa si kitu cha kupeperushwa karibu na maji, kwa sababu dawa ile ni sumu kali kwa samaki.

## Hatua ya 1: Ujue upepo unatoka wapi, kwa saa utakayofanya kazi

Hapa ndipo kamati nyingi zinapokosea kabla hata ya kushika fagio. Wanajua kwamba "kuna upepo" na wanaishia hapo.

Kwetu Kigoma ziwa liko magharibi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na hewa baridi ya ziwani huja kujaza nafasi. Ndiyo maana mchana upepo unatupiga kutoka ziwani. Usiku ardhi hupoa kwanza na mambo hugeuka, upepo ukashuka kuelekea majini. Juu ya hayo, kati ya Mei na Septemba, pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kwenye Ziwa Tanganyika. Na mji wetu ni wa vilima: upepo ukifika kwenye kilima au kona ya jengo refu, unapinda.

Kwa hiyo usikisie. Siku moja kabla ya shughuli, simamisha fito mbili za mita mbili, moja katikati ya uwanja na moja getini, ufunge ncha ya kila moja utepe wa kanga kuukuu. Uangalie saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri. Unaoutafuta ni upepo wa saa ya kusafisha. Upepo wa saa ya kufungua shughuli hautakusaidia.

Ili tusichanganyane, upande upepo unakotoka nitauita kichwani, na upande unakoelekea nitauita mkiani.

Kisha pima nguvu yake kwa macho. Mabaharia hutumia kipimo cha Beaufort, na hakihitaji kifaa chochote:

- Majani na vitawi havitulii, bendera nyepesi imenyooka: namba 3, kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Fanya kazi kama kawaida.
- Vumbi na karatasi vinanyanyuka: namba 4, kilomita 20 hadi 28. Bila wavu, huwezi.
- Miti midogo yenye majani inayumba: namba 5, kilomita 29 hadi 38. Maturubai yashuke kabla ya kazi nyingine yoyote, na mtu asipande ngazi.
- Matawi makubwa yanatikisika na mwavuli haushikiki: namba 6, kilomita 39 hadi 49. Acha kazi. Watoe watu chini ya maturubai na chini ya miembe, msubiri.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Sasa unajua kilomita 40 zinafananaje: ni mwavuli uliopinduka mkononi.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kusimama katikati ya uwanja na kuonyesha kwa kidole nyumba ya kwanza itakayopokea karatasi zako.

## Hatua ya 2: Tega wavu mkiani

Wavu ukae mkiani, ukiukata upepo, mita tano hadi kumi nje ya mahali viti vinapoishia. Ukiweza, utege asubuhi kabla wageni hawajaja. Ukichelewa, basi liwe jambo la kwanza baada ya wageni kuondoka, wakati bado wengine wanaagana getini.

Chimbia vigingi kila baada ya mita mbili, sentimita 40 ndani ya ardhi, vikiinama kidogo kuelekea kichwani. Upepo na takataka vitavisukuma kuelekea mkiani. Kigingi kilichoinama kinyume kina pa kuvumilia. Funga wavu juu na katikati.

Sasa sehemu ambayo watu huiruka. Karatasi nyingi haziruki juu. Zinabiringika chini, zinapumzika, zinabiringika tena. Wavu ulioishia sentimita kumi juu ya ardhi unazipitisha zote huku ukionekana umesimama vizuri. Acha sentimita 40 za wavu zilale chini, zikielekea kichwani, uzikandamize kwa mawe, jiwe moja kila baada ya hatua moja. Hapo karatasi inapanda juu ya zulia lako, inagota ukutani, inabaki.

Mbona nisitumie turubai la zamani, ambalo halina matundu kabisa? Nimeulizwa hivyo mara nyingi. Turubai linazuia upepo wote, na upepo uliozuiwa unaruka juu na kuzunguka nyuma yake kwa kishindo, umebeba karatasi zako. Wavu unapitisha hewa na kubakiza takataka. Wavuvi wanalijua hilo: wavu hauzuii maji.

Ncha mbili za wavu zipinde kuelekea kichwani kama mikono inayokumbatia, mita tano kila upande. Upepo wa Kigoma huyumba, na takataka zikifika ukingoni zitatoroka.

Onyo: usiufunge kwenye nguzo ya umeme wala nyaya zake za kuegemea. Na kama uwanja una njia ya miguu mkiani, acha pengo la mita moja na umweke mtu hapo. Mtu akikwama kwenye wavu gizani ataumia.

## Hatua ya 3: Maturubai yashuke kabla hujaokota hata karatasi moja

Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake kwenye turubai huongezeka mara nne. Turubai lililotulia saa nane linaweza kunyanyuka saa kumi bila mtu kuligusa. Ukiwaweka vijana wako waokote karatasi chini yake, umewaweka hatarini.

Nililiona hili Ujiji, kwenye sherehe moja. Mafundi walianza kufungua kamba za kichwani kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na gari. Upepo ukaingia chini, turubai likavimba, bomba moja likachomoka na kupita juu ya mtoto aliyekuwa anauza karanga. Halikumgusa. Sinia lake lilipinduka, karanga zikamwagika vumbini, na yeye akabaki amesimama palepale ameshika kikopo cha kupimia, mkono umekunjwa kama bado anamiminia mteja. Mpaka leo nikiona turubai linavimba, naona kile kikopo.

Fuata mpangilio huu na mafundi, hata kama wanasema wanajua:

Kwanza zima jenereta na uondoe nyaya, taa na spika. Nyaya zikinaswa kwenye mabomba yanayoanguka, utakuwa na matatizo mawili. Pili, toa kuta za pembeni zote, ili upepo upite bila kukuta mfuko. Tatu, huku kamba zote zikiwa bado zimefungwa, shusha miguu ya upande wa kichwani kwanza. Turubai likiinama hivyo, upepo unalipita juu na kulikandamiza chini badala ya kulinyanyua. Kisha shusha miguu ya mkiani. Kamba za kichwani zifunguliwe mwisho kabisa, turubai likiwa limelala na madumu manne ya maji yakiwa juu yake.

Kunja ukielekea mkiani, magoti juu ya turubai, hewa itoke mbele yako.

Pembe zote za mabomba zikiwa chini na hakuna kitu kirefu kuliko kiti uwanjani, piga filimbi. Hapo vijana waingie.

## Hatua ya 4: Mstari unaotembea na upepo

Hii ndiyo hatua inayoamua kama utafagia mara moja au mara tatu.

Wapange watu tisa kwenye mstari mmoja kichwani, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake kwa mikono miwili iliyonyooshwa au zaidi kidogo. Watembee pamoja kuelekea mkiani. Upepo uwe mgongoni mwao. Watu wawili wabaki kwenye wavu, na mmoja akae nje ya wavu kukimbilia vinavyotoroka.

Sababu yake ni hii. Ukianzia mkiani na kwenda kichwani, kila unapopita unaacha nyuma uwanja safi, na upepo unaleta takataka za mbele yako na kuzimwaga pale ulipotoka. Unajiona unafanya kazi, na kweli unafanya, lakini uchafu haupungui. Ukianzia kichwani, kinachokuponyoka kinakimbilia mbele, kwenye njia ya wenzako na wavu. Nyuma yako hakuna kitu cha kuruka.

Wasianzie jukwaani. Jukwaani ndipo penye uchafu mwingi na macho yanavutika huko, lakini subira inalipa. Mstari utapafikia.

Namna ya kushika kiroba. Weka jiwe moja chini ndani ya kiroba kabla ya takataka ya kwanza. Ringi ya baiskeli ikae mdomoni, kingo za kiroba zimekunjwa kuizunguka, ili mdomo ubaki wazi bila mkono wa pili. Kiroba kiwe mbele yako, mdomo ukielekea kwako, yaani kichwani. Upepo utasukuma karatasi ndani. Ukigeuza mdomo upande wa pili, kila unachotia kitatoka. Kiroba cha karatasi tupu kikifika nusu, mimina kikombe cha maji. Karatasi zikilowa zinakaa.

Nini kiokotwe kwanza. Vyepesi: karatasi za ratiba, vifungashio vya karanga na ubuyu, vikombe vya karatasi, sahani za plastiki, lebo za chupa, puto zilizopasuka. Magunzi ya mahindi, mifupa ya kuku na chupa zenye maji ndani havina haraka. Vitakuwepo hata kesho.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na uwanja wa leo si kama wa miaka ile. Lakini vile vifungashio laini vidogo bado vipo, na ndivyo vinavyosumbua kuliko vyote. Vinaruka kwa upepo ambao hautikisi hata karatasi.

Viti vikusanywe mstari unapovifikia, safu kwa safu. Viti vya plastiki vilivyosimama ni wavu wa aina yake: takataka zimejificha miguuni mwake. Ukivikusanya vyote mapema, unazifungulia zote kwa pamoja. Kwa hiyo okota chini ya safu ya kwanza, kisha ipange kumi kumi, uifunge kamba, ndipo uende safu ya pili. Viti kumi vilivyofungwa pamoja haviendi popote. Kimoja kilichobaki peke yake kitakimbia mpaka barabarani.

Mstari ukivunjika, kwa sababu mmoja ana eneo chafu zaidi, kiongozi apige filimbi na wote wasimame. Aliyemaliza amsaidie jirani yake bila kutangulia mbele.

Mafanikio yanaonekana hivi: geuka nyuma mara mnapofika katikati. Nusu mliyoipita inapaswa kuwa na vizito tu, na hakuna kitu kinachosogea. Macho yako yakiona kitu chochote kinabiringika huko nyuma, mtu mmoja arudi sasa hivi, kabla hakijafika kwenu.

## Hatua ya 5: Usiache wavu ujae

Wavu ukifunikwa na karatasi zaidi ya nusu, umekuwa ukuta, na ukuta huanguka. Wale wawili wa wavuni wafanye kazi tangu dakika ya kwanza, wakisimama upande wa kichwani na kubandua kuanzia chini kwenda juu. Ukianza na za juu, mitetemo inaangusha za chini na zinapita chini ya mawe.

Mstari ukifika kwenye wavu, wote kumi na wawili waushambulie pamoja. Dakika kumi zinatosha. Usiung'oe bado.

## Hatua ya 6: Kufagia

Sasa fagio. Na ikiwezekana, si leo.

Upepo wa mchana kwetu mara nyingi unatulia usiku na kuchelewa kuamka asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri hadi saa mbili, uwanja ule ule uliokushinda jana unafagilika na watu wanne. Kama mwenye uwanja anakubali, acha vizito na vumbi hadi alfajiri, wavu ukiwa bado umesimama. Ila upepo wa usiku huelekea ziwani, kwa hiyo viwanja vya Kibirizi, Bangwe na kandokando ya maji vinahitaji wavu wa pili, hata mfupi, upande wa ziwa kabla hamjaenda kulala.

Kama ni lazima leo, nyunyiza maji kwanza. Toboa matundu chini ya kopo la rangi, lizungushe mbele ya wafagiaji. Lengo ni udongo uliolowa juu juu, rangi yake ikibadilika bila kushika kwenye viatu. Udongo ukiwa tope, fagio inapaka badala ya kufagia. Fagieni kuelekea mkiani, marundo madogo madogo, na kila rundo lizolewe kabla la pili halijaanza. Hakuna rundo la kusubiri.

Barakoa hapa si hiari. Vumbi la kiangazi linaingia kifuani, na mwenye pumu asiwekwe kwenye fagio, apewe kazi ya kuchambua.

## Hatua ya 7: Tokeni nje ya uwanja

Kamati nyingi zinaishia kwenye mpaka wa uwanja, zikapiga picha, zikaenda kula. Upepo haukuishia hapo.

Chukueni zile fito zenye msumari, watu watatu, mtembee mkiani mita 200 kutoka kwenye wavu. Angalieni sehemu tatu: michongoma, mitaro na nyua za watu.

Kwenye michongoma, karatasi inakwama upande wa kichwani, kimo cha goti. Usivute kwa mkono, miiba itakuchana na nusu ya mfuko itabaki. Zungusha msumari kama unavyokunja tambi kwenye uma, mfuko utajikunja na kutoka mzima.

Mitaro naomba muipe muda kuliko sehemu yoyote nyingine. Mji wetu umeegemea ziwa. Karibu kila mtaro unashuka huko. Leo mtaro ni mkavu na karatasi imelala chini ya kivuko, inaonekana haina madhara. Mvua za kwanza za Oktoba au Novemba zitaichukua. Na Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo. Maji mengine mengi huondoka kwa mvuke. Plastiki haiondoki kwa mvuke. Maji ya bomba ya mji huu yanatoka humo humo, na dagaa tunaowasifia nchi nzima wanatoka humo humo.

Kwenye nyua, bisha hodi. Kuna mama mmoja jirani na uwanja tunaoutumia sana, anaanika dagaa kwenye vichanja nyuma ya nyumba. Mara ya kwanza nilipokwenda, aliniona na kiroba akaanza yeye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nyie ndio wa muziki wa jana?"

"Ndio sisi, mama. Tumekuja kuokota vilivyotufuata huku."

Akanyamaza. Akaokota kwenye kichanja kifungashio cha ubuyu, kimegandana na dagaa wawili, akakichambua taratibu kwa kucha na kurudisha dagaa mmoja mmoja mahali pake. "Watu huwa hawaji," akasema, akanipa kile kifungashio.

Ukienda na kiroba mkononi na shikamoo mdomoni, hakuna mlango utakaofungwa. Usipande juu ya bati la mtu, hata kama unaona karatasi. Omba fito ndefu, uivute ukiwa chini.

## Hatua ya 8: Chambua, pakia, funika

Chambueni kwenye kona iliyokingwa na jengo, na mafungu matatu yanatosha. Chupa na makopo: ipo mikono inayovihitaji, waite waokota makopo na uwape bure, wao huuza kwa kilo. Kanyaga kila chupa ukiwa umefungua kifuniko, hewa itoke, kisha kirudishe; kiroba kimoja kitameza mara tatu. Mabaki ya chakula na maganda: kwa wenye nguruwe au bata, au shimo la mboji. Vilivyobaki ni vya dampo.

Usichome moto. Najua ndivyo wengi wanavyomaliza. Siku ya upepo cheche moja inatosha kwa paa la nyasi au kichaka kikavu, na karatasi inayowaka haikai chini, inaruka ikiwa bado inawaka. Moshi wa plastiki una sumu, na mkiani kuna watu wamelala.

Mjulisheni mtendaji wa mtaa mapema, siku ya shughuli na si baada yake, mjue gari la taka linapita lini na viroba viwekwe wapi. Kiroba kilichoachwa barabarani bila mpango kitachanwa na mbwa usiku huo huo.

Kwenye guta, viroba vyepesi vikae chini na vizito juu. Kisha funika kwa wavu na ufunge pande nne. Nimeliona guta likipanda mlima wa Mwanga huku likirudisha mjini, karatasi moja moja, kazi yote ya asubuhi.

## Hatua ya 9: Ukaguzi wa alfajiri

Rudi siku ya pili, wewe na mtu mmoja, kabla ya saa mbili asubuhi. Jua likiwa chini, vifungashio vinang'aa na vinaonekana kutoka mbali, jambo ambalo saa sita mchana haliwezekani.

Tembea kutoka kichwani hadi mkiani mara mbili, njia tofauti, ukihesabu unachookota. Kipimo changu ni hiki: nikipata vipande visivyozidi ishirini uwanja mzima, kazi imekamilika. Vikizidi, tazama viko wapi. Vikijazana pembeni, mikono ya wavu ilikuwa mifupi. Vikiwa nyuma ya wavu, mawe yalikuwa machache. Vikiwa vimetapakaa kila mahali, mstari ulivunjika au mlianza upande usio wenyewe. Andika kwenye daftari la kamati, pamoja na tarehe, saa na utepe ulikoelekea. Mwakani Nanenane ikifika, daftari hilo litawafaa walio nyuma yenu.

Ndipo ung'oe wavu. Utikise, utoe kila kipande kwa mkono, usiuoshe ziwani. Hesabu vigingi vifike 31, fukia mashimo ili mtoto asivunjike mguu akicheza mpira jioni. Kunja wavu kuanzia ncha moja kwenda nyingine, uufunge kwa kamba yake mwenyewe, na uurudishe Kibirizi leo leo, kabla mwenyewe hajauulizia.